Alama Moja Kati ya Nne

Hapa Wete wanasema skuli, mimi bado nasema shule,
na kwa neno hilo tu wanajua nilivuka maji.
Mwaka wa saba huu. Darasa na kanisa wanachangia ukuta;
kengele yetu rimu la lori, ikipigwa
vumbi la chaki linaruka lenyewe.

Kidato cha tatu wako arobaini na mmoja.
Watano wanaijua sala ninayoisali kabla ya kula:
watoto wa askari, wa karani wa benki, wa nesi wa Masasi.
Thelathini na sita Ijumaa saa tano huondoka
na kuniachia mlinganyo nusu ubaoni,
x ikisubiri thamani yake hadi Jumatatu
kama mtu aliyeahidiwa nauli.

Masika ikishuka kwenye bati hatusikilizani.
Tunafundishana kwa mikono:
ngumi, mabano yamefungwa; kiganja, yamefunguliwa;
vidole viwili hewani, kipeo cha pili.
Sista Veneranda alichungulia akadhani tunacheza.

Sheria yangu ni moja, iko chini kidogo ya msalaba:
ONYESHA NJIA.
Jibu alama moja, njia alama tatu.
Jibu huokotwa, hunong'onezwa dirishani,
hata mbuzi akikanyagakanyaga karatasi siku moja atapatia.
Njia lazima uitembee.

Na Shaame Faki, mtoto wa Kiuyu, hakuonyesha njia hata siku moja.
Ngazi ya mita tano imeegemea ukuta wa ghala,
mguu wake mita tatu kutoka msingi; imefika juu mita ngapi?
Nne, anaandika.
Nne peke yake, katikati ya ukurasa mweupe.
Nikamwita. Umeipata wapi?
"Naiona tu, mwalimu."

Mama yake akanihadithia, hajui kama acheke au aombe radhi:
kituoni, magunia matatu ya karafuu kwenye mizani,
karani bado anatafuta kikokotoo chini ya makaratasi,
mtoto kashataja fedha, na senti zake.
Nikasema hongera. Nikampa moja kati ya nne.

Ramadhani nilifundisha seti tupu.
Walicheka, wakashika matumbo.
Maji nilikwenda kunywea sakristia, nimegeukia kabati la mavazi,
kama mwizi.
Ilikuwa wiki hiyohiyo Shaame alinyanyua mkono,
akautazama ukuta wa nje, maandishi ya buluu ya masista,
Baba na Mwana na Roho, Mungu mmoja,
akauliza, na dhihaka hamna machoni:
"Mwalimu, moja na moja na moja?"

Darasa likanyamaza. Wale watano
ndio walionikodolea zaidi.
Ningeweza kusema kamuulize Padre.
Ningeweza kusema kipindi kimekwisha, na rimu lingenisaidia.
Nikasema: Ni mmoja, Shaame.
Basi. Mstari wa pili sikuwa nao.
Akaitikia kwa kichwa, akaandika kitu.

Usiku, umeme umekatika, nasahihisha kwa tochi ya simu.
Daftari lake, ukurasa wa mwisho, wino mwekundu,
mwandiko ameuiga wangu hadi mkia wa herufi y:

*Swali: 1 + 1 + 1. Jibu la mwalimu: 1.
Njia: haikuonyeshwa.
Alama: moja kati ya nne.*

Na chini, kwa penseli, vidogo sana:
*Samahani mwalimu. Na mimi ya kwetu naiona tu.*

Nilicheka peke yangu, kisha sikucheka.
Upande wa pili wa ukuta, buibui na mishumaa iliyozimwa.
Mbali, msikitini, tarawehe zinaendelea.

Jaribio lililofuata nilirudisha ngazi ileile.
Shaame ameandika mistari minne, imepinda kama njia ya ng'ombe;
wa tatu una tisa kutoa ishirini na tano,
na nne bado imefika mahali pake, sijui imepita wapi.
Nikampa tatu.

Yangu bado ni moja.
Ukurasa ule nimeuomba, amenipa.
Chini ya jibu nimeacha nafasi,
mistari mitatu.